Vumbi la Mbao Katika Chumba cha Rola

Marehemu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mkanda umembana kifuani, kompyuta ndogo imelala mapajani. Ungesema amejiegemeza kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Gari lenyewe, jekundu, la chini chini, lilifungwa sakafuni kwa mikanda minene mbele na nyuma, na magurudumu yake ya nyuma yalikaa juu ya rola mbili za chuma.

Inspekta aliinama dirishani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na maiti alikwisha kuziona za kutosha kiasi cha kutokuwa na papara nazo. Aliunyanyua mkono wa marehemu akazitazama kucha. Zilikuwa nyekundu, kama za mtu mwenye afya njema.

"Moshi," alisema.

"Kaboni monoksaidi," daktari wa polisi alikubali nyuma yake. "Uchunguzi wa maiti utathibitisha, lakini mimi sina wasiwasi. Alisikia usingizi, akalala. Ndiyo basi."

"Dalili za kupigana?"

"Hata mkwaruzo."

Inspekta alikuwa hajauachia ule mkono. Kwenye nywele za marehemu, mabegani, na katika mikunjo ya ovaroli yake kulikuwa na vumbi laini, la manjano hafifu. Alilichota kwa ncha ya kidole, akalinusa.

"Sajini, hapa ni gereji au nimekosea mlango?"

"Gereji, afande. Tena si gereji ya mchezo mchezo." Sajini alikuwa kijana mrefu, mpenda magari kupindukia, na tangu waingie alikuwa anajizuia kwa shida asiliguse lile jekundu.

"Basi vumbi la mbao linatafuta nini kichwani mwa fundi wa magari?"

Sajini alilitazama lile vumbi, akatoa daftari lake na kuandika.

Chumba kilikuwa cha zege, bila dirisha, na mlango mmoja mzito wa kuzuia kelele. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na tundu kubwa la duara, na ndani yake feni yenye mapanga mapana, kazi yake kuutoa moshi nje. Pembeni ya tundu lilining'inia boksi la umeme la kijivu.

"Nieleze wanafanya nini humu," Inspekta alisema. "Kwa Kiswahili cha mtu asiyejua kitu."

"Wanapima nguvu, afande. Gari linafungwa hapa, linakanyagwa mafuta mpaka mwisho, haliendi popote. Rola zinazungushwa, mashine inahesabu ni nguvu ya farasi wangapi. Hili hapa ni maarufu. Farasi elfu moja. Gari lako wewe likipandishwa hapa, sijui, labda farasi mmoja na jirani yake."

"Gari langu liache lilivyo. Nani aliyemkuta marehemu?"

"Kaka yake mkubwa. Mtaani wanamwita Elfu, kwa sababu ya hili gari. Hata kibao cha getini ni 'Farasi Elfu'."

Elfu alikuwa ofisini, chini ya picha yake kubwa akiwa amesimama na gari jekundu na watu wanampigia makofi. Mtu wa miraba minne, macho yamemvimba. Alikuwa amelia kwelikweli, na Inspekta hakulitilia shaka hilo.

"Pole kwa msiba."

"Ahsante, afande."

"Ulimkuta vipi?"

"Nilikuwa huku ofisini. Nikasikia gari linanguruma tu, bila kupanda wala kushuka. Nikaenda. Nikazima injini, nikapiga kelele."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Ningengoja nini?"

"Feni ya moshi?"

"Ilikuwa inazunguka. Nikaizima."

"Kama ilikuwa inazunguka, amekufaje kwa moshi?"

Elfu aliifikicha mikono yake. "Mota ya zamani iliungua. Jana tu imefungwa mpya, na leo ndiyo siku yake ya kwanza kuwashwa. Sijui, labda ni ndogo. Labda haikufungwa vizuri. Sitaki kumsema mtu vibaya."

"Nani aliifunga?"

"Shemeji yangu. Mke wa marehemu. Mambo ya umeme ni yake. Mimi umeme siugusi, ulishanirusha zamani, mtaa mzima unajua na wananicheka."

"Sawa," Inspekta alisema, akaondoka na swali moja ambalo hakuliuliza.

Mke wa marehemu alikuwa uani, ameketi juu ya tairi kuukuu, bado na ovaroli yake ya kazi. Watu waliokuja kutoa pole walimpita kwa mbali. Habari zilikwisha kuwafikia: mke ndiye aliyefunga feni, na mume ndiye aliyekufa kwa moshi.

"Mbona hupo nyumbani na wafiwa wenzako?"

"Mama mkwe alikuja hapa, akasema nisikanyage kwake." Aliongea polepole, kama anayechagua maneno yasimdondoke. "Amesema nimemwulia mwanawe. Niulize, dada. Uliza utakalo. Mimi pia nataka kujua kama ni kweli."

Inspekta aliketi kwenye tairi la pili. "Ulipoifunga ile mota, uliijaribu?"

"Ndiyo utata wenyewe. Kila nikifunga feni huwa nawasha, nabandika karatasi, naona upepo unaelekea wapi. Jana nilikuwa namalizia kuzungusha utepe kwenye nyaya, mteja akaniita nje. Nikafunika boksi nikatoka. Nimekaa hapa toka asubuhi najiuliza kama nilirudi na karatasi yangu au sikurudi. Sikumbuki. Nakumbuka mara nyingine zote, ila hiyo ya jana siikumbuki."

"Unajali nini upepo unaelekea wapi? Feni si inazunguka tu?"

"Mota ile ni ya umeme wa nyaya tatu. Ukibadilisha nafasi ya nyaya mbili, inazunguka kinyume. Kelele ni zile zile, mapanga yanakimbia vile vile, lakini badala ya kutoa inaingiza, na moshi unabaki humo humo unazunguka. Mtu aliye ndani hawezi kutambua."

"Na moshi wa gari hili unaua upesi kiasi hicho?"

"Wa hili, ndiyo. Turbo inasukuma hewa nyingi, na usipoipa injini petroli ya kutosha, joto linayeyusha pistoni. Kwa hiyo tunaiwekea nozeli kubwa, vile vitundu vya kupulizia petroli, na mpaka uzipange vizuri gari linakunywa petroli nyingi kuliko hewa linayopata. Petroli isiyoungua vizuri ndiyo inayotoa sumu ile. Mume wangu alikuwa anazipanga. Ni kazi ya kukaa humo ndani kitambo, unakanyaga kidogo, unaangalia, unapunguza, unakanyaga tena."

"Huku mlango umefungwa?"

"Jirani yetu seremala analalamikia sana kelele. Mume wangu alikuwa mtu wa kusikiliza jirani."

"Leo mlikuwa na kazi gani hasa?"

Alisita. "Mchana walikuwa waje madereva wa mashindano, wote waliowahi kupimiwa hapa. Mume wangu alitaka walione gari jekundu likipimwa upya mbele yao. Yeye na shemeji walikuwa hawaelewani juu ya namba ya farasi."

Inspekta alitaka kuendelea, ila mwanamke huyo alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Alimwekea mkono begani, akanyanyuka.

Nyuma ya ukuta wa chumba cha rola kulikuwa na karakana ya seremala, wazi, imeezekwa bati juu tu. Tundu la feni lilitokea pale pale, juu ya meza yake ya randa. Seremala alikuwa mzee mkavu mwenye penseli sikioni, naye alianza kushtaki kabla hajaulizwa.

"Mungu amrehemu kijana, lakini lile tundu limenitia umaskini. Wakianza kupima magari yao, upepo unatoka pale na kulipeperusha vumbi langu lote la mbao mpaka barabarani. Mlango umeupaka vanishi, unataka kukauka, mara umevaa vumbi kama andazi lililovingirishwa kwenye unga. Nimesema mpaka nimechoka."

"Na leo asubuhi?"

"Leo?" Seremala aliitoa penseli sikioni, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Leo wamenguruma tangu nilipofika. Na nimepaka vanishi mlango wa kabati kwa raha zangu, haukuingia hata chembe. Nilisema moyoni, leo jirani zangu wamepata adabu."

"Vumbi halikuruka?"

"Halikuja kwangu, mwanangu. Tena ukinikumbusha, rundo langu la pale chini ya tundu limepungua, na sijalizoa mimi."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alikuwa amekwisha kulitazama tundu, kisha lile rundo, kisha vumbi lililokuwa bado kwenye ncha ya kidole chake.

"Swali jingine, baba. Injini ilipozimwa, kelele za kuomba msaada ulizisikia baada ya muda gani?"

"Si hapo hapo. Injini ilizimika nilipokuwa nageuza ule mlango nipake upande wa pili. Nilishaumaliza upande wote ndipo nikasikia Elfu anapiga mayowe."

Walirudi uani. Mke wa marehemu aliwaona wanavyotembea, akasimama mwenyewe kwenye tairi lake.

"Niambie," alisema.

Inspekta hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Imevuta vumbi la seremala, imelimwaga ndani. Mume wako amekutwa nalo kichwani."

Mama yule hakulia. Aliitazama mikono yake, akaipindua viganja juu, akaipindua tena.

"Basi ni mimi," alisema. "Nyaya nilizipachika kinyume, nikaitwa, nikaondoka. Nipeleke, dada. Nipeleke popote, mradi nisirudi nyumbani."

Sajini aligeuza uso. Alikuwa ameanza kutafuta pingu kwa mkono usiotaka kuzipata, na Inspekta akamtikisia kichwa.

"Twende kwanza tukaiwashe," alisema.

Waliingia chumba cha rola, wakasimama mbele ya feni. Mwili ulikwisha kuondolewa. Inspekta alivaa glovu, akabonyeza swichi kwa kalamu. Feni iliunguruma. Akachana kipande cha karatasi, akakishikilia hewani mbele ya tundu.

Karatasi iliruka kutoka kwenye vidole vyake, ikajibandika kwenye wavu wa feni na kung'ang'ania pale. Nje ya ukuta ilisikika sauti ya seremala akilaani ukoo mzima wa wenye magari.

"Inatoa," sajini alisema, haelewi. "Inatoa vizuri kabisa."

Mke wa marehemu aliisogelea ile karatasi kana kwamba inaweza kumdanganya. Inspekta alimsubiri mpaka alipogeuka.

"Asubuhi ilikuwa inaingiza," alimwambia. "Sasa inatoa. Wewe ulikuwa wapi asubuhi?"

"Nilikwenda dukani kununua gasketi. Nilirudi nikakuta watu wamejaa mlangoni."

"Kwa hiyo kama ulikosea jana, nani amelisahihisha kosa lako leo?"

Mke wa marehemu alikaa chini sakafuni, pale pale, kichwa kati ya magoti, na sasa ndipo alipolia.

Walizima umeme wote wa gereji. Mtaalamu wa alama za vidole alilifungua boksi la kijivu, na Inspekta akamwita mke wa marehemu atazame bila kugusa. Ndani kulikuwa na viungo vitatu vya nyaya, kila kimoja kimezungushiwa utepe mweusi.

"Utepe huu ni kazi yako?"

"Hiki kimoja, ndiyo. Mimi navuta utepe mpaka unanyooka, unalala laini. Hivi viwili vimeviringwa tu ovyo."

Mtaalamu alikiviringua kimoja kwa koleo, taratibu. Kwenye upande wa gundi, chini ya mizunguko, vilikuwa vimenaswa vichembe vya vumbi la mbao. Na katikati ya vichembe, kwa sababu aliyekuwa anauzungusha alikuwa na haraka, kulikuwa na alama nzima ya kidole gumba, kubwa.

"Jana wakati unazungusha, humu ndani kulikuwa na vumbi la mbao?"

"Lingetoka wapi? Feni ilikuwa haijawahi kuwashwa."

"Ndiyo hivyo," Inspekta alisema. "Aliyeuzungusha huu, vumbi lilikuwa mikononi mwake tayari."

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na meza, viti, na taa iliyokuwa inapepesa. Elfu aliingia akisindikizwa na sajini, ambaye safari hii hakuwa na mzaha wowote. Vidole vya Elfu vilikuwa vimechukuliwa alama njiani, na maabara ilikwisha kujibu kwa simu.

"Umeme huugusi," Inspekta alianza.

"Siugusi."

"Hata leo?"

"Hata leo."

"Kidole gumba chako kimo ndani ya boksi la feni. Kwenye gundi ya utepe, pamoja na vumbi la seremala. Kimefikaje?"

Elfu alikitazama kidole gumba chake.

"Injini ilizimwa, na mayowe yakaja baada ya mtu kupaka vanishi upande mzima wa mlango wa kabati. Ulikuwa unafanya nini?"

Aliuficha mkono chini ya meza.

"Nikuulize lile ambalo sikukuuliza ofisini. Umemkuta mdogo wako amelegea garini. Mkanda hujamfungua. Mimi nina mdogo wangu. Ningekata hata kwa meno. Wewe hukumgusa. Kwa nini?"

Sajini alimsogezea Elfu maji, naye akaisukuma glasi pembeni.

"Sikutaka afe," alisema hatimaye.

"Ulitaka nini?"

"Namba zishuke." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ile mashine, miaka yote niliitegesha mimi. Inaongeza. Gari la mia saba inasema elfu. Wateja wanafurahi, wanapiga picha, wanakwenda kuringa. Nani anaumia? Mdogo wangu akarudi kutoka masomoni, akaisahihisha. Akalipandisha gari langu jekundu. Mia sita themanini. Akaniambia, kaka, tuwaite watu wote tuwaambie ukweli, tuanze upya. Tuanze upya na nini? Mimi ni Elfu. Watu hawanijui kwa jina jingine. Mke wangu mwenyewe ananiita Elfu."

"Endelea."

"Injini ikivuta moshi wake yenyewe inakosa hewa safi. Inachoka. Kila ukipima, namba inashuka. Nilijua wageni wakija, apime mara ya kwanza itoke mia sita, ya pili mia tano na kitu, ya tatu chini zaidi. Waseme mashine yake mpya haina akili. Wacheke, waondoke, tuirudishe kama ilivyokuwa. Alfajiri nikageuza zile nyaya mbili. Siogopi umeme, afande. Hiyo ya kurushwa ni hadithi tu, nilichoka kutumwa kazi za umeme."

"Hukufikiri kwamba mtu naye anavuta hewa hiyo hiyo?"

"Nilifikiri ya injini tu." Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyeamka sasa hivi. "Watu wangekuwa wengi, mlango wazi, dakika chache tu, basi. Sikujua atatangulia peke yake kupanga petroli. Sikujua atafunga mlango. Miaka yote naangalia gari linapumua nini. Yeye sikumhesabu."

Inspekta aliegemea mezani.

"Ulipofungua mlango, alikuwa anapumua?"

Taa ilipepesa. Elfu aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Jibu."

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuangalia. Nilikwenda kwenye boksi kwanza."

Sajini alitoka nje bila kuomba ruhusa. Inspekta alimwacha aende. Alibaki anamtazama mtu aliyekuwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza siku ile alisikia hasira.

"Na mama yenu alipomkataza yule mwanamke asikanyage kwake," alisema, "ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Elfu aliandika maelezo ya kukiri kosa, akasaini jina lake kamili la kuzaliwa. Ilimbidi afikiri kidogo kabla ya kuliandika.

Mke wa marehemu alikuwa anangoja kwenye benchi la mapokezi. Inspekta alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupamba. Alipofika pale Elfu alipoliendea boksi kwanza, mke wa marehemu alifumba macho.

"Kwa hiyo si mkono wangu," alisema.

"Si mkono wako. Ulifunga sawasawa."

Alikubali kwa kichwa. Mzigo ulikuwa umemtoka, na ungetegemea anyooke, lakini hakunyooka.

"Mama amekwisha kuambiwa?"

"Bado. Hiyo ni kazi yetu."

"Hapana, dada. Nipeleke mimi. Akisikia kwa askari atadondoka."

Mama mkwe aliwakuta mlangoni kwake, kanga imefungwa kiunoni, wanawake wa msibani wamejaa nyuma yake. Alipomwona mkwewe aliinua mkono amzuie.

"Nilikwambia nini? Umekuja kuniambia si wewe?"

"Nimekuja kukuambia si mimi, mama," mkwewe alisema. "Na wallahi, natamani ingekuwa mimi."

Mkono wa yule mama ulibaki hewani. Alimtazama mkwewe, akamtazama Inspekta, akamtazama sajini aliyekuwa anakwepa macho yake. Kisha akachungulia gari la polisi nyuma yao, kiti kwa kiti, akitafuta.

"Mkubwa yuko wapi?" aliuliza.